Mpwa wangu, ile aya ya pili ifute

Mpwa wangu,

Mamako ameniambia umeanza tena kujaza fomu za vyuo vya filamu. Alhamdulillahi. Kwa kuwa simu yangu huipokei, nakuandikia hapa, na wengine wanaotaka kusomea filamu wakipita wachukue kitakachowafaa.

Naanza na filamu yako ya fundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, maana ndiyo mali yako kubwa hata kama wewe unaiona ya kizamani. Dakika na nusu ya mwanzo ni droni tu: matuta ya mchanga ya Shela, majahazi yakipita, na wimbo wa taarabu juu yake. Fundi mwenyewe haonekani mpaka dakika ya pili. Anayekagua maombi ana lundo la filamu mbele yake, na sekunde 30 za kwanza ndizo zinazomwamulia kama atatazama kwa moyo au kwa kutimiza wajibu. Matuta hayamwambii wewe ni nani. Isitoshe, droni hapa Kenya inataka kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na wimbo ule hukumwomba mwenyewe. Vyote viwili vitoe. Anza na kalafati, kazi ya kuziba nyufa za jahazi: fundi anavuta pamba, anaisokota pajani, anaipachika baina ya mbao mbili, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sekunde 40 bila kukata. Kidole gumba kinatangulia chuma kila mara, kinapapasa ufa kabla haujapigwa. Hilo uliliona wewe, hukuoneshwa na mtu. Ndicho kipaji chako hicho, nawe umekizika dakika ya sita!

Sauti ndiyo itakayokuangusha. Maikrofoni ya kamera uliielekeza baharini wakati wa kusi, maneno ya fundi yakamezwa na upepo, na upepo ukishaingia hakuna programu itakayoutoa wote bila kuiharibu sauti ya mtu. Rudi Matondoni. Maikrofoni ndogo ya kubana ifiche ndani ya shati, kama shubiri moja chini ya kidevu, uivishe sponji, na simu inayorekodi ikae mfukoni mwa fundi. Piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye ulinganishe sauti na picha. Kabla hujaondoka, rekodi dakika nzima ya pahali penyewe watu wakiwa kimya. Hiyo ndiyo utakayozibia mapengo ukihariri. Kwenye kipimo cha sauti, maneno yacheze karibu na desibeli -12, na kilele kisipite -6.

Picha za ndani, pale taa inapopepesa, sababu yake ni hii: umeme wetu ni hezi 50, nawe ulipiga fremu 30 kwa sekunde, na kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde. Weka fremu 25 na 1/50. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yaandike mwenyewe, maana hakuna mashine inayokifahamu Kiamu, lahaja ya Lamu, cha mzee yule. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 hivi.

Sasa insha. Hapa ndipo tulipokosana, na nasema wazi kwa sababu mjini wamesikia upande mmoja tu.

Aya ya pili uliandika kwamba umekulia katika nyumba isiyojua sanaa, na kwamba mamako hakuwahi kukuelewa. Mama huyo alikuwa akizima friji kila ulipotaka kurekodi jikoni, kwa kuwa ulimwambia mota yake inaingia kwenye sauti. Alisimama mkono ukiwa kwenye swichi mpaka useme tayari. Samaki wake aina ya changu wakaharibika, na hakukwambia neno. Usiku ule uliponisomea insha barazani, akatoka na kahawa, akakuuliza, "Na mimi umenitaja?" Ukamjibu, "Nimekutaja vizuri, mama." Akafurahi. Alifurahi, mwanangu, akaenda kumwambia jirani dirishani, nami karatasi ninayo mkononi. Hilo sijakusamehe.

Umewaambia watu kwamba nilikuvunja moyo. Mimi nilikwambia uifute aya ile kwa sababu si kweli, na kwa sababu ni dhaifu. Msanii asiyeeleweka na watu wake, wasomaji wa maombi wamemsoma mpaka wamechoka. Mama aliyeshika swichi ni wako peke yako, na anasema mengi zaidi: kwamba unajali sauti, kwamba unajua filamu haifanywi na mtu mmoja. Ningekuwa mjomba wa kusifu tu, ungeipeleka vilevile ilivyo, ukataliwe, usijue kwa nini. Na fundi yule, ni nani aliyemwendea akakubali kamera? Basi sitaki kuambiwa sikutakii mema.

Usipeleke insha moja kila mahali. Fomu ya Common App ya vyuo vya Marekani haipokei zaidi ya maneno 650. UCAS, fomu ya vyuo vya Uingereza, tangu maombi ya kuingia chuo 2026, inauliza maswali matatu: herufi 4,000 kwa jumla, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350. Chuo cha filamu chenyewe mara nyingi kitataka maandishi mengine juu ya hayo. Humo usiorodheshe waongozaji unaowapenda. Chagua shoti moja ueleze kamera iko wapi, nani anaonekana, nani ameachwa nje, na kwa nini. Na KIMC, chuo cha mawasiliano cha Nairobi, usiivuke kwa kuwa iko karibu; FAMU, chuo cha filamu cha Prague, itakungoja.

Kwenye orodha ya kazi, kila filamu iandikie mwaka, urefu na ulichofanya hasa. Ile harusi ya Langoni ulishika kamera tu, kwa hivyo usijiite mwongozaji. Siku ya mahojiano utaulizwa kwa nini ulikata pale ulipokata, na hutakuwa na jibu.

Filamu itoe kwa faili ya MP4, mkandamizo wa H.264, ukubwa wa picha 1920 kwa 1080. Linki ifungue kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kuituma, na neno la siri usilibadilishe mpaka majibu yatoke. Mwisho wa maombi ukiwa saa 5:59 usiku ya New York, mwezi wa Desemba, kwetu huwa ni saa 1:59 asubuhi ya siku ya pili. Usiingoje asubuhi hiyo, pandisha filamu siku mbili kabla. Barua ya mwalimu iombe mwezi mzima mapema, umpe na filamu aitazame, la sivyo ataandika kwamba wewe ni kijana mwenye adabu na basi.

Rasimu mpya nitumie, hata bila salamu. Ila kabla haijanifikia mimi, msomee mamako aya yake, yote.

Mjombako