Barua ya wazi kwa mabinti wa filamu na tamthilia: wekeni kalamu chini kwanza

Binti zangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Nimeigiza zaidi ya miaka 40. Nimekuwa mchumba, mke, mjane, mama wa muuaji, na siku hizi naitwa panapotakiwa bibi wa kukohoa kitandani. Katika miaka hiyo nimeona mengi nikanyamaza. La juzi limenishinda.

Tulikuwa chumba cha mekapu, alfajiri. Binti aliyekaa kiti cha pembeni yangu alikuwa amepata uhusika mkuu kwa mara ya kwanza maishani. Mpambaji alikuwa anamfunga nywele, na vibanio viwili binti mwenyewe alikuwa amevibana kwa midomo. Akaingia kijana wa ofisi ya uzalishaji ameshika karatasi. Kurasa zilikuwa zimeshakunjwa nyuma, ukurasa wa mwisho uko juu, kalamu imeshafunguliwa. "Dada, saini hapa tu, kamera inasubiri. Mengine ni ya kawaida." Binti hakugeuza hata shingo. Akaziweka karatasi pajani, akasaini. Poda ikadondoka juu ya jina lake. Kijana akaipuliza, akaondoka. Dakika moja haikuisha.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umesoma?"

Akatoa vibanio mdomoni, akatabasamu. "Bibi, ni mkataba wa kawaida."

Nakala hakuwa nayo. Ilituchukua siku tisa za kupiga simu mpaka tukaipata. Tukakaa, tukasoma wote wawili. Ukurasa wa nne ulisema kampuni itatumia sura yake, sauti yake na jina lake "kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa baadaye, kote ulimwenguni, bila ukomo wa muda". Ukurasa wa sita ulimkataza kuigiza kwingine kwa miaka mitatu, na kampuni peke yake ndiyo yenye hiari ya kuongeza miwili. Ukurasa wa saba ulisema malipo ni mara moja, yamekwisha. Alipofika hapo akanyamaza, akaanza kukwangua rangi ya kucha. Ana miaka 22.

Mnaniona naumia sana kwa jambo la mtu mwingine. Naumia kwa sababu karatasi ile naijua. Nilikuwa na miaka 26 nilipopata tamthilia iliyonipa jina. Nilisaini juu ya boneti ya gari, jua linazama, mwongozaji analalamika kuwa mwanga unamtoka. Tukarekodi misimu minne. Watu wakaacha kuniita kwa jina nililopewa na wazazi, wakaniita kwa jina la mhusika. Nikafurahi, nikadhani nimefika.

Miaka 15 baadaye nililazwa kwa upasuaji. Usiku wa pili nikasikia kicheko changu mwenyewe. Kilikuwa kinatoka kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani mle wodini, na wagonjwa wenzangu nao wanacheka. Nesi akanijia na sinia la dawa, akasimama. "Mama, si wewe huyo?" Nikamwambia ni mimi. Asubuhi yake mwanangu alikuwa dirisha la malipo anaomba tupunguziwe. Tamthilia ilikuwa inarudiwa kwa mara ya tano, katikati wanauza sabuni na simu, na mimi ambaye uso wangu ndio uliowaketisha watu pale sikuwa na haki ya senti moja. Nilipopona nikaiandikia kampuni. Jibu lilikuja katika karatasi moja: kivuli cha saini yangu.

Kwa hiyo mkisikia nasema someni, msidhani ni maneno ya mzee asiyejua kazi zinavyotafutwa kwa shida. Najua. Najua unavyosailiwa mara 20 ukarudi bila kitu, ndiyo maana karatasi ikija mkono unakimbia wenyewe. Na wao wanajua hivyo. Karatasi haiji kwako bahati mbaya saa ambayo kamera imewashwa. Ingeweza kuletwa wiki moja kabla.

Niwaambie habari ya mwigizaji Olivia de Havilland. Aliingia mkataba wa miaka saba na kampuni ya Warner Bros. huko Hollywood akiwa msichana tu. Zama hizo kampuni ilikuwa inakumiliki: inakupangia filamu, inakuazima kwa kampuni nyingine kama jembe, na ukikataa uhusika inakusimamisha bila mshahara. Tena siku ulizosimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo kila ulipokataa ulikuwa unarefusha kamba yako. Miaka saba ilipotimia mwaka 1943, akaambiwa bado anadaiwa miezi kadhaa. Mwigizaji mwenzake Bette Davis, jina kubwa kuliko lake wakati ule, alikuwa ameshaburuzana na kampuni hiyo hiyo katika mahakama ya London mwaka 1936, akashindwa, akarudi kazini. De Havilland akaenda mahakamani hata hivyo. Kesi ikiendelea, kampuni ikaziandikia kampuni nyingine zisimpe kazi, na milango ikafungwa kweli. Alikaa nje ya kazi muda wote huo, mwanamke ambaye mtaji wake ulikuwa uso na ujana. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Hadi leo sheria ile inatajwa kwa jina lake. Akarudi, akashinda Oscar mbili, moja kwa filamu ya 1946 na nyingine ya 1949, akaishi hadi 2020, akafariki Paris akiwa na miaka 104.

Alishinda kwa sababu alimtafuta wakili, na wakili akaisoma sheria iliyokuwapo tayari vitabuni. Haikutungwa kwa ajili yake. Ilikuwa imelala pale, hakuna aliyeiamsha.

Wa pili ni Lucille Ball, mwigizaji wa vichekesho wa Marekani. Alizunguka miaka mingi katika filamu ndogo ndogo, na alipopata tamthilia yake ya vichekesho mwaka 1951 alikuwa na miaka 40. Kituo cha televisheni kilitaka irushwe moja kwa moja kutoka New York. Yeye na mumewe Desi Arnaz wakataka irekodiwe kwenye filamu Hollywood. Gharama ikapanda, wakubwa wakagoma kuilipa. Mume na mke wakakubali kupunguziwa mshahara, ila wakaomba kitu kimoja: kanda zile ziwe mali yao. Wakapewa bila ubishi mkubwa, maana wakati ule nani angetaka kutazama tena kipindi alichokwisha kukiona? Kumbe dunia nzima ilitaka. Marudio yale yakawajengea kampuni. Baada ya kuachana, mwaka 1962 Ball akanunua hisa za Desi, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha studio kubwa ya televisheni, na mwaka 1967 akaiuza kwa dola milioni 17. Rudieni hapo pa kupunguziwa mshahara. Alikubali kidogo cha leo ili ashike cha kesho, na alijua anachokiandika.

Waigizaji wenzake wengi hawakuwa na nguvu hiyo, wakaitafuta kwa kuungana. Waigizaji wa filamu wa Marekani waligoma mwaka 1960 ndipo wakapata malipo ya marudio kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Wale wa filamu za zamani hawakulipwa marudio yao. Mwaka 2023 wakagoma tena siku 118, safari hii kwa sababu ya filamu za intaneti na akili mnemba: kampuni zilitaka kukupiga picha mwili mzima, kisha mashine iendelee kukuigiza. Msione hayo ni ya mbali. Maneno "njia zitakazobuniwa baadaye" yale ya ukurasa wa nne ndiyo mlango ambao mashine itapitia.

Sasa nisikilizeni. Mkipewa mkataba, ombeni nakala na siku tatu. Mkinyimwa siku tatu, mmeshapata jibu kuhusu watu mnaotaka kufanya nao kazi. Angalieni muda: umeandikwa kwa miaka au umeandikwa "bila ukomo"? Angalieni eneo, angalieni njia, televisheni tu au na intaneti na simu. Tafuteni neno "marudio". Msipoliona, liandikeni ninyi kwa kalamu ya risasi pembeni na muulize. Sura yako kuuza bidhaa ni kazi nyingine, ina malipo mengine. Nakala ya kidijitali ya mwili au sauti yako isitengenezwe bila ruhusa yako ya maandishi kwa kila kazi. Tukio la faragha lielezwe humo humo: kipi kitaonekana, nani atakuwa chumbani, na kwamba unaweza kusema hapana hata asubuhi ya kurekodi. Kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani tangu 2018 inaweka mratibu maalumu wa matukio hayo. Ninyi hata kama hamna mratibu, mna karatasi. Na wakala anayekudai fedha kabla hajakupatia kazi, mkimbie.

Ulizeni pia kuhusu Mkataba wa Beijing. Ulipitishwa mwaka 2012, ukaanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, na unahusu haki za waigizaji wa filamu na televisheni. Ulizeni kama nchi yenu imejiunga, na ni chama gani kinakusanya mirabaha ya waigizaji. Jiandikisheni huko. Msiseme hamkuambiwa.

Mengine nitayapitia kwa haraka, kwa sababu mnayasikia kila siku. Shikeni mistari yenu kabla ya kufika seti. Fikeni mapema. Wasalimieni watu wa taa na wa sauti kwa majina, ndio wanaokulinda usionekane vibaya. Kamera huona fikra, msiipigie kelele. Lindeni usingizi. Wekeni akiba siku ile ile mnayolipwa. Someni, jamani, Lupita Nyong'o kabla ya Oscar yake ya 2014 alishafanya kazi nyuma ya kamera, alishaigiza tamthilia, alishaongoza filamu yake ya hali halisi, kisha akaenda kukaa darasani Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Lakini siwezi kuwalaumu ninyi peke yenu, na hapa nasema na watu wazima wenzangu. Tunawafundisha binti zetu kwamba kuuliza habari ya fedha ni utovu wa adabu. Mvulana akiuliza atalipwa kiasi gani anaitwa mjanja, binti akiuliza anaitwa mwenye tamaa. Kisha akiigiza malaya tunamwita malaya sokoni, mbele ya mama yake, kama kwamba hatukukaa sebuleni usiku kucha tukimtazama. Wazazi wanamfukuza nyumbani kwa kazi hiyo, na wanampokea siku jina lake linapotajwa redioni. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alipokuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, alikalishwa kwenye meza ndogo kando, mbali na wenzake wa filamu ile ile, na ukumbi ule ule ukampigia makofi. Sisi nasi tuna meza hizo. Mwigizaji akiugua tunachangishana kwenye simu, tunasambaza picha yake akiwa amekonda, tunaandika "hakika tutamkumbuka" angali hai. Kituo kinachorudia tamthilia yake usiku huo huo hakuna anayekiuliza chochote.

Nawapenda, na kazi hii naipenda bado. Hakuna kitu kinachofanana na sekunde ile kabla mwongozaji hajasema "haya", kimya kinaposhuka na wewe unaacha kuwa wewe. Nimeipata sekunde hiyo maelfu ya mara na moyo wangu bado unadunda. Nataka mzeeke nayo. Nataka siku mkilazwa, mkasikia vicheko vyenu ukutani, mjue kuna mtu mahali anawaandikia hundi.

Yule binti wa vibanio amepata wakili, mwanamke kijana, mpole, anayeshika kila neno. Wameomba ukurasa wa nne na wa sita uandikwe upya. Kampuni ilinuna wiki nzima, kisha ikaleta rasimu mpya yenye kurasa kumi na moja. Jumamosi wanakuja nayo kwangu tuisome tangu mstari wa kwanza. Nimemwambia aje na kalamu ya risasi, ile ya wino aiache nyumbani.

Bibi yenu wa kwenye seti