Menyu ya GRUB haisemi

Mhariri,

Mafundi wanaowawekea wasioona Windows na Ubuntu kwenye laptopu moja husahau kwamba menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo laptopu inapowaka, ni bubu. NVDA ya Windows na Orca ya Ubuntu, programu zinazosoma skrini kwa sauti, huanza kusema mfumo ukishawaka, si kabla. Kuhesabu mibofyo ya mshale hakuaminiki: mstari mmoja ukiongezeka, Windows imehama nafasi.

Kwenye faili la mipangilio /etc/default/grub wekeni GRUB_DEFAULT=saved, kisha sudo update-grub. Mtumiaji akiwa Ubuntu aandike sudo grub-reboot na jina kamili la Windows lilivyo kwenye menyu, ndani ya alama za kunukuu, halafu awashe upya. Itaingia Windows mara hiyo moja tu; ikiwashwa tena baadaye hurudi Ubuntu. Mpangilio wa GRUB_INIT_TUNE kwenye faili hilo hutoa mlio GRUB inapoanza, ila laptopu nyingi za sasa hazina spika ndogo ya mlio huo. Orca ikinyamaza, bonyezeni Alt+Super+S (Super ni kitufe chenye nembo ya Windows).

Fundi kompyuta,
Morogoro