Ukaguzi wa vifaa kabla ya mechi

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuingia kwenye uamuzi wa besiboli za shule huko Marekani. Unasema wenzako wanaona ukaguzi wa magongo na helmeti kabla ya mechi ni kupoteza muda. Mimi naona wamepatia nusu.

Mdanganyifu humkamati kwa macho, hilo ni kweli. Gongo la Sammy Sosa, mpigaji maarufu wa ligi kuu ya Marekani, lilivunjika katikati ya mechi, tarehe 3 Juni 2003, ndipo koki (ile ya vizibo vya chupa) iliyojazwa ndani kulipunguzia uzito ikaonekana. Lisingevunjika, ungeligeuza mpaka kesho usione kitu. Magongo yake mengine 76 yalipigwa eksirei, yakakutwa safi. Wewe eksirei utaitoa wapi, na mrushaji ameshaanza kupasha mkono moto? Haya ya kompositi, yaliyotengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, ndiyo balaa zaidi: yakikandamizwa kwa mashine ili yarushe mpira mbali, kwa nje yanabaki yaleyale.

Kuna na mtego mwingine. Ukishalipitisha gongo, kesho likizua utata kocha atakugeukia: "Si ulilikagua mwenyewe?" Kwa hiyo usiruke lile swali la kwenye kikao cha kabla ya mechi, kumuuliza kocha mkuu kama wachezaji wake wote wana vifaa halali. Akishajibu ndiyo, mzigo ni wake.

Ila helmeti, ndugu yangu, usizifanyie mzaha. Msimu uliopita niliibana moja kwa viganja pande za masikio, ikalia kama kijiti kikavu. Nikabandua stika ya timu: chini yake ufa mrefu, kuanzia tundu la sikio kwenda juu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtoto aliitoa tu kwenye mfuko wa vifaa akaivaa, na nadhani ilikuwa imevaliwa hivyohivyo mechi kadhaa. Kocha wake aliishiwa maneno. Dakika ile moja inanitosha kuendelea kukagua, hata nikichekwa.

Kwa magongo, tazama muhuri wa BBCOR, yaani kipimo cha kuzuia gongo lisirushe mpira kupita kiasi, unaotakiwa sekondari kwa magongo yasiyo ya mbao tangu 2012, kisha pitisha kidole kutafuta nyufa na mabonde. Inatosha. Usijifanye mpelelezi.

Anza na helmeti, halafu niandikie ulichokuta kwenye mfuko wa kwanza.

Wako,
Juma