Picha za Matabaka kwa Walimu wa Yoga: Kwa Nini Mwendo Mmoja Hukubali na Mwingine Hukataa

Walimu wa yoga wanaofika studioni kwetu hapa Unguja huja mara nyingi na ombi moja: wanataka picha inayomwonyesha mtu akitoka mkao mmoja kuingia mwingine, mwili uleule ukionekana mara tano au sita, hafifu mwanzoni na kamili mwishoni. Picha ya namna hii hupendeza kwenye bango la darasa na humsaidia mwanafunzi, kwa kuwa picha ya kawaida humwonyesha mahali pa kufika bila kumwonyesha njia. Hata hivyo si kila mwendo unaofaa kupigwa hivyo, na ni vyema mteja ajue sababu kabla ya kulipia.

Ugumu wa yoga ni kwamba mwili hauhami. Mkimbiaji akipigwa picha sita na zikaunganishwa, kila mwili huangukia mahali pake kwa sababu amesogea. Mtu wa yoga hubaki juu ya mkeka wenye urefu wa takriban sentimita 180, na picha zake zote hurundikana mahali pamoja. Étienne-Jules Marey, mwanafiziolojia wa Ufaransa, alikumbana na jambo hilihili miaka ya 1880 alipokuwa akinasa mwendo wa binadamu juu ya bamba moja la kioo. Picha zilipopandana hata viungo visitambulike, alimvisha mtu wake nguo nyeusi mwili mzima yenye mistari myeupe kando ya mkono na mguu, akampiga mbele ya kiza, bamba likanasa mistari peke yake. Mwingereza Eadweard Muybridge alikuwa amelikwepa tatizo hilo huko California mwaka 1878, alipopanga kamera 12 katika mstari na kumpiga farasi wa tajiri Leland Stanford, kila hatua kwenye picha yake. Hadi leo mteja huchagua kati ya njia hizo mbili: miili yote katika fremu moja, au mikao iliyopangwa ubavu kwa ubavu.

Kinachoamua ni sehemu gani ya mwili inabaki na ipi inaondoka. Mwendo unaofaa fremu moja ni ule ambao kiungo kimoja kimekita chini na kingine kinachora tao kubwa hewani. Mfano mzuri ni kutoka Virabhadrasana II (mkao wa shujaa, miguu imetanuliwa) kupitia Trikonasana (pembetatu) hadi Ardha Chandrasana (nusu mwezi): wayo wa mbele haubanduki, kiwiliwili kinainamia mbele, na mguu wa nyuma unapanda hadi kuwa sambamba na sakafu, kwa hiyo jicho hufuata njia bila kuelezwa. Kinyume chake ni kushuka kutoka mkao wa ubao hadi Chaturanga Dandasana (mwili ulionyooka juu kidogo ya sakafu, viwiko vimekunjwa), hatua ambayo karibu kila mwalimu huitaka kwa kuwa wanafunzi wengi huikosea. Viganja na vidole vya miguu vimebaki palepale, mwili mzima umeshuka kwa kimo kidogo tu, na ukiutazama kutoka ubavuni unaona kiwiliwili kinene kisicho cha mtu yeyote. Wapo wanaotuomba tuisogeze miili hiyo kidogo kidogo kwenda kulia ili iachane. Tunaweza, lakini hatuiiti picha ya mwendo, kwa sababu viganja ambavyo havikuondoka sakafuni vitaonekana vimetembea.

Wengi hujaribu kwanza kwa programu ya simu, kisha huuliza kwa nini mwili wa kwanza umetoweka. Ni hesabu tu. Ukipandanisha picha tano na kila unayoiweka juu ukaipa uzito (kiwango cha kuonekana) wa nusu, ya juu kabisa hubeba asilimia 50 ya matokeo, inayofuata 25, kisha 12.5, na mbili za chini hubaki na asilimia 6.25 kila moja. Ukitaka zote zilingane, ya chini iachwe na uzito wa asilimia 100, ya pili ipewe 50, ya tatu 33, ya nne 25 na ya tano 20. Lakini hata zikilingana, kila mwili umebaki moja ya tano na sehemu nne zilizosalia ni ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo unapata moshi badala ya mtu. Ndiyo maana sisi hatufifishi picha nzima. Tunapiga ukuta na mkeka bila mtu, hilo likawa tabaka la chini, kisha tunamkata mtu peke yake kutoka kila fremu na kumweka juu kwa uzito tunaoutaka: wa mwisho kamili, waliotangulia kati ya asilimia 25 na 60 kwa kufuatana. Uso huachwa wazi mmoja tu, kwani vichwa sita vinavyomtazama msomaji hutisha zaidi ya kufundisha. Kukata nywele na vidole ndiko kunakochukua saa nyingi, na ndiko hasa unakokulipia.

Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni fremu zipi zibaki. Hatumwombi mtu asimame nusu ya njia, kwa sababu mwili uliosimamishwa hujishikilia tofauti na mwili unaopita. Tunapiga mfululizo fremu 10 kwa sekunde huku akienda kwa pumzi yake, hivyo mwendo wa sekunde nne hutuachia fremu 40 hivi, na katika hizo tunabakisha tano hadi saba. Tukizichagua kwa muda ulio sawa, tuseme moja kila baada ya nane, miili hukaribiana pale mtu alipokwenda polepole na huachana pale alipoharakisha. Mwalimu anaweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba mguu wake uliporomoka badala ya kushushwa. Tukizichagua kwa nafasi iliyo sawa, picha huwa nadhifu zaidi, ila habari ya kasi imefutwa. Kwa bango tunashauri nafasi; kwa mafunzo tunasisitiza muda, hata kama miili itajazana upande mmoja. Tuambie mapema, maana kubadili baada ya fremu kukatwa ni kuanza upya.

Maelekezo mengi ya kazi hii hupendekeza kitambaa cheusi nyuma, na huo ni urithi wa Marey. Kwa ngozi zetu nyeusi kitambaa hicho humeza mabega na mapaja, isipokuwa ziwekwe taa mbili za ubavuni, nyuma kidogo, zichore ukingo wa mwili. Tunapendelea ukuta wa chokaa. Hapo programu, iwe Photoshop au GIMP ya bure, huamriwa ibakishe kilicho cheusi zaidi kati ya matabaka, na miili yote hujitokeza bila kukatwa. Mikono inapopishana hugeuka doa moja, kwa hiyo njia hii tunaitumia kwa rasimu tu, papo hapo, ili mteja aone kama mwendo wake unasomeka.

Wanaotaka ufukweni, Paje au Jambiani, wajue kwamba mchanga mkavu hufukuliwa na viganja na kila fremu huwa na mashimo mapya. Tunasubiri mchanga uliotoka kuachwa na maji, ambao ni mgumu. Mwanga nao hubadilika haraka jua linapochomoza, kwa hiyo tunafanya kazi hiyo kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kamera ikiwa juu ya stendi na mwangaza, fokasi na rangi vimefungwa.

Nguo ziwe za rangi moja, zinazoonyesha goti na kiwiko viko wapi. Anayependa mikono mirefu na ushungi aje navyo, kwani ushungi uliobanwa vizuri hutuondolea kazi ya nywele. Kabla ya kupanga siku, jirekodi video ya mwendo wako kutoka ubavuni, simu ikiwa kwenye kimo cha nyonga, ututumie. Tukiitazama tutakuambia kama unafaa fremu moja, unafaa ubavu kwa ubavu, au inatosha kuhamisha kamera upande wa pili.