Shukrani kwa dada aliyenisaidia kutoa kiti cha mtoto

Dada uliyenikuta nimeinama kwenye mlango wa nyuma wa gari, jasho linanitoka, asante sana. Nilikuwa nakivuta kile kiti kwa nguvu zangu zote, na nilishaanza kufikiria kuukata mkanda. Ukanizuia. Ukalegeza kwanza mkanda wa juu, ule unaopita nyuma ya siti, kisha ukaweka goti pale anapokaa mtoto na kukikandamiza kiti kwa uzito wako. Mkanda wa gari ukalegea, kitufe chekundu kikabonyea kwa kidole kimoja tu. Ukaupapasa mkanda wote kuangalia kama umechanika, ndipo ukauachia urudi taratibu. Hata jina sikukuuliza. Mungu akubariki sana, dada yangu.