Aliyeuziwa chui wa plastiki Meksiko alijitakia, kama mimi

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji aliyemtembelea mwanawe Marekani, wakateremka pamoja hadi pwani ya Meksiko, naye akarudi Nairobi na kichwa cha chui kilichopambwa kwa shanga. Mjukuu alikiangusha, kikapasuka, ndani ikaonekana plastiki nyeupe. Msomaji akakata shauri kwamba kule ufuoni hakuna cha asili, wote matapeli, ila yeye angalau hakupata hasara kubwa kwa sababu alipiga bei hadi ikafika nusu ya nusu. Naomba nafasi nimjibu, maana hiyo nusu ya nusu ndiyo iliyonikera.

Nilikuwa dobi kwenye meli ya watalii kuanzia 2016 hadi 2019. Tulikuwa tukitoka Los Angeles, tunapita Cabo San Lucas na Mazatlán, tunafika Puerto Vallarta, kisha tunarudi, wiki nenda wiki rudi. Abiria walishuka asubuhi na kofia zao. Sisi wa chini tulishuka kwa zamu, kwa muda wa saa tatu au nne hivi, na ukichelewa meli haikungoji. Kwa hiyo mji wa Puerto Vallarta naujua kama mtu anavyoijua njia ya kutoka stejini hadi kazini: barabara ya Malecón inayopakana na bahari na sanamu zake za shaba, kanisa lenye taji juu ya mnara, mto Cuale, na kisiwa kirefu katikati ya mto kilichojaa vibanda chini ya miti. Wachuuzi wanakuita ungali mbali: “Casi gratis, amigo!” Karibu bure, rafiki. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nilikuwa nikisikia hivyo nazidisha mwendo.

Marehemu baba alikuwa mchongaji hapa Changamwe. Tezo na muhugu, muhugu na tezo, na sisi watoto tukitoka shule tunawapiga twiga msasa. Mpingo ulipoadimika, baadhi ya majirani walichukua mti wowote, wakaupaka kiwi nyeusi ya viatu, na mtalii akaondoka na “mpingo” unaomchafua shati akiukumbatia. Baba mwenyewe alichonga wamorani wa Kimasai kwa mamia, wakauzwa hotelini kana kwamba wametoka Maasai Mara. Hakuwahi kufika Maasai Mara. Na nilikuwepo mchezo huo ulipoanza nyumbani kwetu: alipeleka kinyago cha siku tano, mnunuzi akauliza “bei ya mwisho?”, akamlipa ya siku mbili. Wiki iliyofuata baba alichonga cha siku mbili. Mwenye kiwi akachonga cha nusu siku.

Hata hivyo ujuzi huo wa nyumbani haukuniokoa. Safari yangu ya kwanza nilimnunulia dada hereni za “fedha” kwenye kibanda kimoja, bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Nyuma zilikuwa na chapa iliyosomeka “alpaca”, nikadhani ni jina la fundi. Kumbe alpaca ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, fedha hamna hata chembe. Dada alizivaa kwenye harusi Likoni, kesho yake masikio yamefura kama mahamri. Fedha ya kweli, kama ile ya mafundi wa Taxco kule milimani jimbo la Guerrero, hupigwa chapa ya 925, yaani sehemu 925 katika elfu moja ni fedha tupu. Chapa hughushiwa pia, basi tangu siku hiyo nilitembea na sumaku ndogo mfukoni, kilichonata nilikirudisha. Lakini zile hereni hazikunidanganya. Ziliandikwa zilivyo, mimi ndiye sikuuliza maana yake.

Sasa tuje kwa huyo chui. Wenye kazi ya shanga ni Wahuichol, ambao wenyewe hujiita Wixárika, watu wa milima ya Sierra Madre katika Jalisco, Nayarit na majimbo jirani. Mmoja wao alikuwa akikaa karibu na mto, nguo nyeupe zimetariziwa picha za mnyama paa na ndege tai hadi kwenye pindo la suruali. Mkononi alikuwa na paa wa mbao, urefu wa shubiri moja. Alikuwa akipaka nta ya nyuki kwa kidole gumba, utando mwembamba, eneo dogo kama sarafu. Kisha anaokota ushanga kwa ncha ya sindano, anaulaza juu ya nta, tundu linatazama juu, anausukuma kidogo ukae. Mmoja. Halafu mwingine. Nilihesabu hadi sitini nikachoka, na pale palipojaa hapakuzidi ukucha wangu sana. Shanga zenyewe huletwa kutoka ng'ambo, Cheki au Japani, kwa hiyo anayetaka kitu ambacho kila chembe yake imezaliwa Meksiko atazunguka sana. (Na kanga za bibi zetu zilichapwa wapi miaka yote ile?)

Nikamuuliza kwa Kihispania changu cha chumba cha kufulia: siku ngapi? Akanionyesha vidole vinne. Bei? Peso 900. Mdomo ulishafunguka kusema 400, kwa mazoea tu, nikamkumbuka mzee na kinyago chake cha siku tano. Nikasema 800. Hakunijibu. Alimtazama yule paa, akarudi kwenye sindano yake, akaweka kama shanga tano au sita hivi, ndipo akatikisa kichwa kukubali. Hiyo mia niliyomkata inaniwasha hadi leo.

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na kibanda chenye vichwa vya chui kumi na viwili rafuni. Vyote jicho la kushoto lilikuwa limeshuka chini kidogo kuliko la kulia. Vyote! Mkono wa binadamu haukosei namna moja mara kumi na mbili. Hilo ni kosa la kalibu. Shanga zilikuwa zimemwagwa juu ya gundi, nyingine zimelala ubavu, na kila chui peso 150. Ndugu msomaji, chui wako bila shaka ni wa ukoo huo. Mwenye kibanda angekuletea wapi cha siku nne kwa pesa uliyotaka kutoa?

Mji wa ufuoni huuza vitu vingi usivyovitengeneza, na hilo si kosa. Swali ni kimetoka wapi, na anayejua anachouza hukutajia kijiji. Vyungu vyeusi vinavyong'aa hutoka San Bartolo Coyotepec, wanyama wa mbao ya copal waliopakwa rangi hutoka Arrazola au San Martín Tilcajete, na vijiji vyote hivyo viko jimbo la Oaxaca, mbali na pale. Mama mmoja sokoni alikataa kuniuzia chungu cheusi nilipomwambia nitakitilia maji ya kunywa nyumbani. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: weusi ule ni wa tanuri lililozibwa hewa, mng'ao ni wa kusuguliwa kwa jiwe kabla ya kuchomwa, na kikishang'arishwa hivyo hakizuii maji. Ni cha kutazama. Mtu aliyekataa pesa yangu namna ile nilimwamini kwa mengine yote, na kila meli ilipotia nanga nilipita kwake hata kama sinunui.

Nimalizie na yule paa, maana kuna jambo nililojifunza nikiwa nimeshachelewa. Mama alimweka juu ya kabati la televisheni, karibu na dirisha, ili wageni wamwone. Likaja joto la Machi. Nta ikalegea, shanga za sikio la kushoto zikateleza zikamwagika sakafuni. Dada, ambaye hajanisamehe zile hereni, alicheka: umeuziwa feki tena, mbona vya gundi havibanduki! Nilimhamishia paa kivulini, nikaazima sindano ya mama, nikaanza kurudisha shanga mmoja mmoja. Sikio hilo moja lilinila Jumapili nzima, na shanga tatu nyekundu hatujaziona hadi leo.

Dobi wa meli,
Changamwe, Mombasa