Kuhusu dawa za "kuotesha misuli"

Jambo yenu wote, wazazi na vijana. Jumamosi mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi, kiwanja chetu kile kile cha Katuba. Mje na maji.

Sasa neno zito. Juzi nilimkuta mchezaji wetu, miaka 16, na sindano na dawa za misuli alizouziwa bila karatasi ya daktari. Simtaji, na humu asitafutwe.

Hizo ni steroidi za anaboliki, kama testosteroni ya kutengenezwa. Misuli inaota kweli, siwadanganyi. Lakini kwa kijana anayerefuka bado, ncha za mifupa zinaweza kufunga mapema, kimo kikaishia hapo. Mvulana mapumbu yananywea, matiti yanavimba. Msichana sauti inakuwa nzito, na mara nyingi hairudi tena. Ini na moyo vinaumia. Sindano ya kuazimana nayo inaleta VVU na homa ya ini.

Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, alishinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Siku chache baadaye akanyang'anywa medali kwa sababu ya stanozolol, moja ya hizo steroidi za anaboliki.

Deksamethasoni, ile ya kunenepesha, ni steroidi ya ukoo mwingine: inavimbisha uso, na misuli inaidhoofisha. (Mama zangu, bukari, maharagi na ndakala vinashinda.)

Anayetumia tayari aniandikie pembeni. Hafukuzwi. Tutaenda kwa daktari pamoja, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta huzuni nzito.

Aliyemuuzia, namtafuta mwenyewe.